Chura Aliyeimba Bafuni

Mtaani walimwita Mama Vyura, naye hakuona ubaya. Alikuwa mtafiti wa makumbusho, na chumba chake cha kazi kilinuka spiriti kuanzia mlangoni. Rafu zilijaa chupa za vyura walionyooshwa vidole, wametulia kama watu waliolala kwa adabu.

Tangu mumewe afariki, aliishi na mama mkwe wake. Ndugu walitarajia kila mmoja ashike njia yake, lakini bibi huyo aliwakatiza: "Mimi na mkwe wangu tumeshazoeana. Mnataka nianze kuzoea watu wapya uzeeni?"

Mwaka huo Mama Vyura alikuwa amempata chura asiyefanana na yeyote kwenye rafu zake. Kachura kenyewe kangeweza kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba: mgongo kijani kibichi, mapaja rangi ya chungwa, na rangi hiyo huioni mpaka aruke. Alikwisha kuwapima wenzake waliohifadhiwa kwenye spiriti, akachora nyayo zao, akawalinganisha na jamaa zao wa misitu mingine. Kilichobaki ni sauti. Vyura wa aina mbili wanaweza kufanana kama mapacha, lakini kila dume huita kwa mlio wa kwao, na bila mlio huo wakubwa wa fani wangemwambia kachura kake si kapya.

Basi akarudi msituni, akaja na dume mmoja hai. Dume akagoma. Mama Vyura alimnyunyizia maji, akamzimia taa, akamwigizia milio kwa midomo yake mwenyewe, mpaka karani wa chumba cha pili akaja kuuliza kama yu mzima. Chura kimya, kamkodolea macho.

Ijumaa makumbusho yakafungwa ili yapuliziwe dawa ya mchwa. Dawa ile ingemmaliza chura, kwa hiyo Mama Vyura alimtia kwenye kopo lililotobolewa matundu, akaenda naye nyumbani, akamweka bafuni penye ubaridi.

"Mama," akasema kwa kubembeleza, "tuna mgeni."

"Mgeni gani asiyebisha hodi?"

"Chura."

Bibi akaweka kikombe chini. Vyura aliwaogopa tangu utoto. "Mwanangu, harufu ya spiriti nimeivumilia. Matope kwenye makochi nimeyavumilia. Leo umeniletea chura ninapooga?"

"Mpaka Jumatatu tu, Mama. Na kifuniko nimekikaza."

"Akitoka yeye humo, na mimi natoka humu."

Asubuhi ya pili Mama Vyura alikuwa jikoni akikoroga uji. Alisikia maji yakimwagwa bafuni kata kwa kata, na bibi akiimba kwa sauti ya juu kuliko kawaida, kujitia moyo. Mara ikasikika sauti nyingine, nyembamba na kavu, kama mtu anayefungua na kufunga kibiriti. Kisha ukelele.

"Mwanangu! Kitu chako kinanijibu!"

Mwiko ulianguka. Mama Vyura akanyakua kinasa sauti mkobani, akapiga magoti mlangoni. "Usitoke, Mama! Mwaga maji tena!"

"Nina povu machoni!"

"Nakuomba, Mama. Mwaga, na uimbe!"

Halafu maji yakamwagika, na wimbo ukaanza upya, unatetemeka kama kuku aliyeloa. Chura akaitika. Bibi akaimba, chura akaitika. Nje, Mama Vyura alikuwa amejilaza sakafuni, kinasa sauti amekisogeza kwenye upenyo chini ya mlango, mkono mwingine mdomoni ili kicheko kisiharibu kazi. Uji uliungua na hakuna aliyeukumbuka.

"Nikuongezee ubeti?" bibi akauliza hatimaye, sauti imeshapata nguvu.

Mlio ule ulitofautiana waziwazi na wa jamaa zake wote. Jumatatu chura alirudishwa kwenye kijito chake, na Mama Vyura akakaa kuandika. Makala yalirudishwa na kusahihishwa mara kadhaa kabla ya kukubaliwa. Likabaki jina.

"Mama, nataka nimpe jina lako."

"Jina langu apewe chura? Nimekukosea nini?"

"Mwenye kugundua hupewa nafasi ya kumwita kwa jina la mtu anayempenda."

Bibi alikunja kanga aliyokuwa ameshika, akaikunjua, akaikunja tena. "Hata nikishaondoka, wataendelea kumwita hivyo?"

"Popote atakapotajwa."

"Basi andika. Lakini usithubutu kuandika kwamba nilikuwa naoga."

Makala yalipotoka, bibi alizunguka nayo kwa majirani. Hakuruhusu mtu ayashike kwa mikono yenye mafuta. Kwa kuwa jina lake lilikuwa limeongezwa herufi za Kilatini mwishoni, kila aliyejaribu kulisoma alikwama, naye akamsahihisha kwa subira ya mwalimu.

"Chura mwenyewe hana mkia," aliwaeleza, "mkia wamenipa mimi."