Picha Sita za Kwenda Hospitali

Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na minane siku tulipomlaza kwa nguvu, watu wanne, ili achomwe sindano moja. Ilikuwa katika zahanati iliyokuwa karibu na kwetu Kariobangi, na mimi ndiye niliyemshika miguu. Mama alikuwa amemwambia wanaenda sokoni. Ndivyo tulivyozoea: tulimdanganya, kisha tukamshika. Wiki nzima baadaye hakukubali nimsuke nywele.

Alizaliwa na sindromu ya Down, hali inayochelewesha akili kukua. Jina hilo tulilisikia akiwa mkubwa tayari. Kabla ya hapo majirani walikuwa na majina yao, na Mama alisema tu kwamba Mungu ndiye anayejua. Mwaka huo alianza kuishiwa pumzi. Tulikaa orofa ya tatu, na kila akipanda ngazi alisimama mara mbili, midomo imegeuka rangi ya zambarau. Zahanati ikatuandikia barua ya kwenda kliniki ya moyo katika hospitali kubwa mjini, baada ya miezi miwili.

Nilikuwa nakata nyuzi katika kiwanda cha nguo mtaani Baba Dogo. Nikaokota boksi lililotupwa, nikalikata vipande sita, nikachora. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nimeona tu kwamba maneno yalimpita, lakini alichokiona kwa macho hakikumtoka. Nilichora geti, benchi lenye watu, muuguzi na mizani, mashine yenye nyaya, daktari akisikiliza kifua, na mwisho sisi watatu mezani na chai.

Mama hakupenda. Alisema namtisha bure, kwamba akijua hataenda. Hata hivyo kila jioni nikitoka kazini tulizipanga picha kitandani, mimi nikawa daktari, na kifuniko cha mkebe wa mafuta ya kupikia kikawa cha kumpimia kifua. Mwanzoni alikisukuma. Wiki ya tatu alifungua vifungo vya blauzi mwenyewe. Ya nne akaninyang'anya kifuniko, akampima Mama, akamwambia apumue. Mama alipumua.

Siku yenyewe alizibeba picha mfukoni mwa sketi. Tulipita geti, akaitoa ya kwanza, akaiweka nyuma ya nyingine. Kwenye benchi tulikaa muda wa saa tano. Mwanamke mmoja alimhamisha mtoto wake asikae karibu nasi. Mdogo wangu aliiangalia picha ya benchi, akaendelea kukaa. Alipanda mizani. Nyaya zikabandikwa kifuani, akatulia kama amelala.

Daktari alikuwa kijana, nadhifu, anaandika bila kuinua kichwa. Kabla hajasema neno, mdogo wangu alikuwa amefungua vifungo. Daktari akasikiliza, akaangalia karatasi ya mashine, kisha akamgeukia Mama. Alisema moyo una tundu la tangu kuzaliwa, atampa vidonge. Nikauliza kuhusu upasuaji, kwa maana muuguzi wa zahanati alikuwa ameutaja.

"Upasuaji tunawawekea wale watakaofaidika nao," alisema. "Huyu hata akipona, atabaki hivi hivi."

Mama akasema, "Asante, daktari."

Nilimwambia daktari kwamba mdogo wangu amekaa saa tano bila kumsumbua mtu, amefanya kila alichoambiwa, na yeye mwenyewe ameona.

"Ni kweli, ametulia sana," alijibu. "Mmemlea vizuri." Mdogo wangu akampa mkono, naye akaupokea, akamwita mgonjwa mwingine.

Nje nilimuuliza Mama alimshukuru kwa lipi. Akasema nikitaka nirudi nikamtukane, halafu nimtafute mwingine wa kutuandikia dawa. Mdogo wangu alikuwa mbele yetu, anatuharakisha twende tukanywe chai, maana ndiyo picha iliyokuwa imebaki.

Miaka mingi baadaye nilimuuliza daktari mwingine. Alinieleza kwa upole kwamba tundu kama lile huzibwa mtoto akiwa mdogo, na kwamba katika umri ule pengine tulikuwa tumeshachelewa. Pengine. Lakini yule wa kwanza hakusema tumechelewa. Kama angesema hivyo, ningelia, kisha ningekubali. Alisema mdogo wangu hafai kuhangaikiwa, akasema mbele yake, na yeye ameketi wima, blauzi wazi, akingoja aambiwe apumue.

Aliishi miaka mitatu zaidi. Alichukua vidonge kila mwezi, akaingia kliniki bila kushikwa na mtu, na wauguzi walimpenda kwa sababu hakuwapa kazi. Alifariki asubuhi moja ya mvua, mimi nikiwa kiwandani. Kwenye matanga watu waliketi sebuleni wakisema amepumzika, na sisi pia tumepumzika. Mama aliwaitikia kila mmoja. Mimi nilienda jikoni nikaosha vikombe, hata vile vilivyokuwa safi, mpaka walipoondoka.