Zuhura Alipokuja na Kamera

Usiku ule mafua yalinilaza mapema, mvua ya Iringa ikipiga bati. Sikuwa nimemuwaza Zuhura. Alikuwa rafiki yangu wa kupiga picha, si kwa kazi, kwa kujifurahisha tu. Kila Jumamosi tulizunguka mitaani na kamera yake kuukuu, tukipiga picha baiskeli iliyoegemezwa ukutani, masufuria yakikauka juani, mama akimsuka bintiye barazani. Alipofariki, sikupiga picha tena.

Nikajikuta jikoni kwangu. Ni mchana, lakini jua halina joto. Zuhura amesimama mlangoni na koti lake la sufu, kamera shingoni. Nikafurahi kumwona, kisha nikakumbuka kwamba tulimzika.

Hanisalimu. Ananyanyua kamera, anapiga picha birika linalofuka mvuke. Birika linatoweka. Jiko linaendelea kuwaka, juu yake hamna kitu. Anapiga kanga zilizoanikwa uani, kamba inabaki tupu. Namwomba aache, sauti hainitoki.

Mara tuko sokoni. Kila anakogeuza kamera, watu hawapo tena, mafungu ya nyanya yamebaki peke yake. Kimya. Nasikia tu ule mlio mdogo wa kamera, ka, ka. Nakimbia, na njia inanirudisha nyumbani. Zuhura ameshanitangulia sebuleni. Hamisi, mume wangu, ameinama anafunga kamba za viatu, hana habari. Kamera inamwelekea.

Nikamshika Zuhura mkono. Ulikuwa baridi kama chuma kilicholala nje.

"Zuhura, huyu niachie."

Akashusha kamera. Usoni hakuwa na hasira, alikuwa na huzuni.

"Siwaondoi mimi, Rehema. Wewe ndiye uliyeacha kuwatazama."

Nageuka kwa Hamisi. Viatu vipo, vimefungwa vizuri, na ndani yake hamna miguu.

Nikazinduka nimelowa jasho, moyo unanidunda hadi masikioni. Nilipapasa ukuta mpaka nikapata swichi. Hamisi alikuwa amelala ubavu, pindo la mto limemchora mstari shavuni. Kwenye ndevu zake kulikuwa na mvi ambazo sikujua zimeota lini. Akafumbua jicho moja, akaniuliza kama homa imepanda. Nikamwambia haijapanda, alale tu.

Akalala. Mimi nikabaki nimekaa, namtazama, na taa sikuizima.