Minyororo ya Garth

Verlene Hotchkiss alifika getini kabla ya mtu mwingine yeyote, akazima redio, akaiwasha, akaizima tena. Mbele yake barabara ya Mlima Bishop ilikuwa imefungwa kwa bomba jekundu, na ng'ambo ya bomba theluji ilikuwa inamwagika kama unga. Mchana huo alitakiwa awe mbele ya hakimu kule Delmar, bondeni upande wa pili. Hakimu alikuwa ameziambia pande zote mbili: asiyefika, kesi itaamuliwa bila yeye.

Kesi ilikuwa ya nyumba. Vyumba vitatu vya magogo juu ya mji wa Corbin, na dohani ambayo Verlene aliijenga kwa mikono yake, jiwe juu ya jiwe, huku mumewe Garth akishika ngazi na kulalamikia upepo. Waliishi humo miaka ishirini na miwili. Kisha Garth akahamia kwa Shayla, mwenye saluni ya pale mjini, na baada ya kuhamia akaitaka na nyumba. Hoja yake ilikuwa moja tu: mwanamke peke yake hawezi kuishi kule juu wakati wa theluji. Barabara itamshinda. Jirani alipomsomea Verlene maneno hayo kwenye karatasi za mahakama, Verlene alimwomba ayarudie, maana alidhani hakusikia vizuri.

Eloy, mlinzi wa geti, alikuja akigonga buti zake ardhini.

"Umewahi, bibie. Umelala hapa?"

"Nimelala kwangu. Bado ni kwangu."

"Leo nafungua mara moja tu. Mkipita nafunga mpaka kesho asubuhi. Na wewe ndiye wa kwanza, kwa hiyo mambo unayajua."

Aliyajua. Barabara ya Bishop haina kingo upande wa korongo, maana greda linahitaji pa kuitupia theluji. Hali ikichafuka, gari la kwanza getini ndilo linaloongoza, na walio nyuma hufuata taa zake. Kiongozi huenda kwa mwendo wa aliye mzito kuliko wote. Hukanyaga breki mara mbili kabla ya kila kona. Na taa za nyuma zikipotea kwenye kioo chake, husimama na kurudi. Aliyemwacha mwenzake juu ya Bishop hasalimiwi tena Corbin, hata kanisani.

Taa zikatokea nyuma yake. Gari jeupe, jipya, Garth kwenye usukani na Shayla pembeni. Eloy alitazama gari lile, akamtazama Verlene, akakohoa ndani ya glavu.

"Kumbe msafara wenyewe ni wa familia."

"Funga domo, Eloy."

"Nimefunga. Ninachofungua ni geti."

Garth alishuka, akaja dirishani. Verlene aliteremsha kioo kiasi cha vidole viwili.

"Vee."

"Matairi yako hayana minyororo."

"Haya ni mapya. Aliyeniuzia kasema hayahitaji."

"Anakaa wapi huyo?"

"Delmar."

"Bondeni," alisema Verlene, akapandisha kioo.

Walipanda. Verlene aliweka gia ya pili na kuhesabu kwa macho nguzo za rangi ya machungwa zilizoonyesha mwisho wa barabara. Pikapu yake ilikuwa na magunia ya mchanga nyuma na minyororo ya kung'ata theluji kwenye matairi, nayo ilikwenda kama nyumbu mzee anayejua zizi liko wapi. Kila dakika aliinua macho kwenye kioo. Alichukia kuyainua. Miaka yote ile alikuwa anamwangalia mtu huyu kama amekula, kama amevaa soksi kavu, na sasa mahakama yenyewe ilikuwa inamngoja na bado anamwangalia.

Kilele wakakipita. Kwenye kona ya tatu ya mteremko alikanyaga breki mara mbili, akapinda, akainua macho. Kioo kilikuwa cheupe kitupu.

Mguu wake ulibaki kwenye mafuta. Asiyefika, kesi itaamuliwa bila yeye. Delmar haikuwa mbali. Angefika, angekaa kwenye kiti, angengoja pamoja na hakimu, na kile kiti kingine kingebaki kitupu. Nani angemlaumu katika theluji kama ile? Angesema hakuona. Nguzo moja ikapita, na nyingine.

"Mwanaharamu," alisema, akasimama, akawasha taa za hatari, akachukua sepetu.

Aliwakuta wamejichomeka kwenye ukuta wa theluji upande wa mlima. Wangeteleza upande wa pili, pasingekuwa na wa kumkuta. Garth alikuwa anachimba mahali pasipostahili kuchimbwa.

"Minyororo unayo?"

"Iko kwenye buti."

Ilikuwa kwenye boksi lake, utepe umekatwa.

"Mbona hukuifunga?"

Garth akaanza kupangusa kioo cha taa. Shayla ndiye aliyejibu, meno yakigongana. "Hajui. Jana alijaribu sebuleni, akakivisha kiti. Mimi aliniambia kila mwaka alikuwa anafunga yeye."

"Kila mwaka alikuwa anashika tochi," alisema Verlene, akalala chali kwenye theluji, akaingia chini ya gari la mumewe.

Walifika Delmar wakati karani anawaita majina. Garth alisimama na suruali yake iliyopigwa pasi, akaeleza kwa sauti ya huruma jinsi barabara ile ilivyo mbaya, jinsi anavyoogopa siku moja Verlene atakutwa ameganda ndani ya gari. Hakimu, mama wa makamo mwenye mafua, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Huyu mama mbona anachuruzika maji mgongoni?"

Garth akatazama viatu vyake.

"Alikuwa chini ya gari letu, mheshimiwa," Shayla akasema kutoka kwenye benchi. "Akitufungia minyororo. Sisi tulifuata taa zake."

Hakimu akapenga kamasi, akauliza maswali mengine mawili matatu, lakini kila mtu mle ndani alishajua. Nyumba ilibaki kwa Verlene.

Alidhani angelala fofofo usiku ule. Alijigeuza kwenye kitanda cha nyumba ya wageni mpaka shuka likajisokota miguuni.

Asubuhi alikwenda geti la chini, upande wa Delmar, mapema, kabla ya magari mengine, ili apande peke yake. Gari jeupe lilikuwa limetangulia kufika. Lakini halikuwa mbele. Garth alikuwa ameliegesha pembeni, injini inanguruma, na nafasi ya kwanza mbele ya bomba jekundu ilikuwa wazi.

Verlene akashuka, akaenda akapiga teke tairi la gari jeupe, akasikiliza mlio wa mnyororo.

"Umelegea," alisema dirishani. "Shuka. Leo nitashika tochi mimi."

Kulikuwa kweupe, jua limeshatoka. Garth alishuka, akapiga magoti kwenye theluji, naye Verlene akasimama juu yake, tochi imewaka, akimmulika mikono.