Mama Hakuvuta Pumzi Pale

Hasira hasara, wanasema. Sawa, hasara nimeikubali. Nikipita barabara ya Nairobi, nikafika Sakina, nikaona kibao cha studio ile, nasaga meno mpaka taya linaniuma.

Mama yangu alikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya ya akina mama ya usharika wetu, kule juu mlimani kwenye migomba na kahawa. Shingoni alikuwa na rovu, uvimbe uliokua taratibu kwa miaka mpaka akawa anameza ugali kwa shida. Daktari alimwambia lazima litolewe. Akamwambia pia, bila kuzunguka, kwamba neva ya sauti inapita palepale kwenye tezi, na kwamba baada ya upasuaji sauti inaweza kurudi kama ilivyokuwa na inaweza isirudi. Mama hakulia. Alirudi nyumbani, akakata majani ya ng'ombe, jioni akawaambia wenzake wa kwaya, "Turekodi kwanza."

Wimbo wenyewe aliutunga yeye. Katikati kuna mstari anaouimba peke yake, wenzake wakiwa wamenyamaza: "Umenibeba toka bondeni hadi kileleni bila kunitua." Anaupanda mstari huo polepole, kwa pumzi moja, na ufundi wote wa wimbo uko hapo: hapumziki. Mwanamke aliyewahi kupanda mlima ule na mzigo wa majani kichwani anaelewa kwa nini. Ukitua katikati ya njia, nani atakutwisha tena?

Mimi kazi yangu ni kompyuta, ila si ya kuchapa barua. Ndani ya kila kompyuta kuna programu ya chini kabisa inayoamua nani atumie nini na kwa zamu gani. Sisi tunaiita keneli. Sehemu yangu ni pale keneli inapopokea data na kuipeleka kwenye diski ikahifadhiwe. Nakaa chumbani kwangu Themi, nafanya kazi na watu wa nchi za mbali ambao hatujawahi kupeana mikono, na tunachohangaika nacho ni kupunguza kusubiri kusiko na maana. Data inapita milango mingi kabla ya kufika kwenye diski, na kila mlango una bawabu wake. Mabawabu wengine wana kazi. Wengine waliwekwa zamani kwa sababu zilizokwisha, na hakuna aliyethubutu kuwaondoa.

Asubuhi ya kurekodi nilimpakia mama kwenye gari langu, wenzake wakakodi kosta. Studio ilikuwa chumba kilichobandikwa magodoro ukutani, nyuma ya mafundi magari. Mtu akigonga bodi huko nje, wote tunasubiri amalize. Mwenye studio alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, kofia kaigeuza nyuma, heshima zimemjaa mdomoni. "Shikamooni mama zangu," akawaambia, akamwekea kila mmoja maiki yake. Mimi nikakaa upande wa huku wa kioo, karibu na kompyuta.

Waliimba vizuri. Nilimtazama mama alipofika kwenye mstari wake, nikaona kifua kimejaa na kinashuka kidogo kidogo mpaka neno la mwisho. Kisha yule bwana akatuchezea alichorekodi. "Hadi kileleni," sauti ikasema, halafu pakawa na shimo. Kimya kifupi kabisa. Ndipo ikaja, "bila kunitua."

"Mama, hapa unavuta pumzi," akasema.

"Sijavuta, baba."

"Umevuta, mama yangu. Mashine haidanganyi. Umri nao, tunaelewa. Turudie."

Wakarudia. Safari hii shimo likahamia kwa sauti ya pili, akaambiwa mama wa kilemba cha kijani kwamba anapumulia kwenye maiki. Wakarudia tena. Likaja kwenye kiitikio, na kundi zima likabebeshwa lawama, kwamba hawaendi pamoja. Kila mara mama alipanda ule mstari kwa nguvu zake zote, akijua kwamba sauti ile si ya kuchezea, na kila mara yule bwana alitikisa kichwa. Mwishowe nikamsikia mama kwenye spika akisema, "Samahani baba, nitajitahidi." Mama yangu. Anamwomba msamaha mtu ambaye yeye angeweza kumzaa, kwa kosa ambalo hakulifanya.

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Nikainuka.

"Kaka, naomba nione hiyo mashine."

"Tulia dada. Hii ni ya kazi, si ya kuangalia picha."

"Anayeimba pale ni mama yangu. Sogea."

Alicheka, lakini alisogea. Haikunichukua hata muda wa kuchemsha chai. Kwa kuogopa kupoteza kazi za wateja, alikuwa ameiambia mashine iandike kila kitu mara mbili, kwenye diski ya ndani na kwenye diski ya nje ya bei ya chini iliyoning'inia kwa waya. Juu ya hapo akaweka ufunguo wa siri, data yote isukwe upya isisomeke na mwizi kabla ya kuandikwa. Hayo si mabaya. Tatizo ni kwamba keneli ikiachwa ilivyo huwa inalimbikiza data kwenye kumbukumbu, na rundo likitosha inalimwaga lote kwa mkupuo. Rundo hilo lote lisukwe, liandikwe mara mbili, na diski yenye mbio ingoje ile goigoi. Wakati huo programu ya kurekodi inabisha hodi na kuambiwa subiri. Sauti ya mtu haijui kusubiri. Programu ikikosa pa kuiweka inaitupa, na pale ilipotakiwa kuwa inajaza kimya.

"Hili shimo ni la mashine yako," nikamwambia. "Mama hakuvuta pumzi."

"Mbona kwaya zinarekodi hapa kila siku?"

"Na wangapi umewaambia wanapumua vibaya?"

Alivua kofia, akaivaa tena. Mpaka leo nikiwaza ni akina mama wangapi wametoka kwenye chumba kile wakijiona wamechoka, damu inanichemka.

Nikaikata nakala ya pili, aifanye mwenyewe jioni watu wakishaondoka. Nikaiagiza keneli iandike kidogo kidogo bila kungoja rundo, nikaondoa na foleni moja iliyokuwa na faida kwenye diski za zamani tu, ambazo kompyuta ile haikuwa nazo. Tukaziacha maiki zote wazi, tukarekodi kelele za mafundi gari kwa muda mrefu. Hapakuwa na shimo hata moja.

Lakini mama alikuwa amekwisha. Aliimba tena, na mashine iliandika kila kitu kwa uaminifu: mikwaruzo, koo lililokauka, sauti ikivunjika kwenye neno kileleni. Akajaribu mara nyingine, akajishika shingo, akaketi. Upasuaji ulikuwa wiki ileile. Marudio yalikuwa na mashimo yao na sauti iliyoanza kuchoka, hivyo wimbo uliobaki ni ule wa mwanzo, wenye sauti yake kamili na lile shimo. Nilichukua faili nikahangaika nalo. Kisichoandikwa hakipo. Nilipochomeka neno kutoka kwenye marudio mengine lilisikika kama kaniki iliyoshonewa kwenye kitenge kipya. Yule bwana akaupaka wimbo mwangwi ili kuficha, na mwangwi ukazidi kulifanya lile shimo lisikike kama mtu aliyetua makusudi.

Hasira yangu haikuishia Sakina. Miezi kadhaa kabla ya hapo nilikuwa nimewatumia wakaguzi wa keneli marekebisho ya jambo hilohilo, kwamba mmwago mkubwa usizibe njia ya maandishi madogo yenye haraka. Mkaguzi mmoja alinijibu kwamba kwenye mashine kubwa za makampuni faida haionekani, na kwamba kusubiri kwenyewe ni kufupi mno, hakuna binadamu atakayegundua. Nilikuwa nimenyamaza kwa adabu. Sasa nikamtumia kile kipande cha mama, nikamwandikia: binadamu huyu hapa, amegundua. Akanijibu kwa upole kwamba mfano mmoja si kipimo. Upole ule uliniudhi kuliko tusi. Nikapima, nikatuma vipimo, nikarudishwa, nikapima upya, mpaka marekebisho yakakubaliwa. Wenzangu wakanipongeza. Mimi nilifunga kompyuta nikaenda kulala saa za mchana.

Rovu lilitoka salama. Mama anakula ugali. Sauti ilirudi nusu, nzito na yenye mchanga, akahama sauti ya kwanza akawa anakaa nami kwenye mabenchi ya nyuma. Wimbo nao ukaruka simu hadi simu. Siku moja nilikuwa Ngaramtoni, nikausikia kwenye duka la pembejeo, na muuzaji anapiga mluzi kuufuatisha.

Ndipo ikaja Jumapili ile ambayo kwaya ya vijana ilisimama kuuimba. Nilifurahi walipoanza. Walipofika kwenye mstari wa mama waliuimba wote kwa pamoja. "Hadi kileleni," wakasema, na kiongozi wao, binti wa chuo, akainua mkono. Wakanyamaza wote. Mkono ukakaa hewani. Kisha ukashuka, wakamalizia, "bila kunitua." Shimo lile walikuwa wamelifanyia mazoezi. Waumini wakapiga vigelegele, na mimi nikashika benchi lililo mbele yangu kwa mikono miwili ili nisisimame.

Mama akaniinamia. "Wameiga mpaka pale pumzi iliponiishia," akaninong'oneza.

"Mama, pumzi haikukuishia."

"Iliniishia, mwanangu. Yule kijana alisema, na mimi nimesikia mwenyewe kwenye simu."

Nilikuwa nimemweleza siku ileile ya kurekodi, garini, na mara nyingi baadaye. Kumbe muda wote alidhani namfariji, kama mtoto mwenye adabu anavyotakiwa kufanya. Alikuwa ameingia chumba cha upasuaji akiamini kwamba sauti yake ilikuwa imekwisha kabla kisu hakijamgusa.

Ibada ilipokwisha nikamfuata yule binti nje, kwa ukali ambao hakustahili. "Pale katikati hakuna kutua," nikamwambia.

"Shikamoo dada. Ila ndivyo bibi anavyoimba mwenyewe, sisi tumemsikiliza kwenye simu. Na pale ndipo panapotusisimua."

Nikaanza kueleza habari za diski na rundo na kumwaga. Vijana walinisikiliza kwa heshima, bila kuelewa kitu. Yule binti akaniacha katikati ya sentensi, akamgeukia mama. "Bibi, ulipumzika pale au hukupumzika?"

Mama alinitazama. Alikuwa hajui. Ndilo lililonichoma, kwamba mtunzi wa wimbo hajui ameuimbaje. Akaweka mkoba wake chini kwenye nyasi, akavuta pumzi, akaanza. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, karibu ya kiume, na kwenye noti za juu ilipotea ukabaki upepo tu. Lakini alipanda. Alipita kileleni bila kusimama, akamaliza, na pumzi ikabaki, tukaisikia ikitoka puani.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Mama alibaki amesimama, mkono mmoja tumboni, anahesabu jambo kichwani mwake. Uso ukabadilika. Sijawahi kumwona mama amekasirika, na kwa muda sikujua ninachokitazama.

"Kumbe alinionea," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Wote alituonea." Akaokota mkoba wake, akalielekea gari bila kuaga mtu. "Nipeleke Sakina."

"Mama, leo Jumapili. Pamefungwa."

"Basi kesho asubuhi," akasema, akaufunga mlango kwa nguvu.