Wazazi Wale

Ndugu msomaji, mimi ni mwongo. Mtaa mzima hapa Kibiti unanicheka kwa ujinga, nami nimewaacha wanicheke, maana ujinga husamehewa. Leo nasema kweli yenyewe, na jina langu nalificha kwa aibu.

Mdogo wangu, nimwite Zuhura, alikuwa na bwawa la kambale nyuma ya nyumba ya wazee wetu. Alianza na vifaranga wa urefu wa kidole. Wakawa wanalana, wakubwa wanameza wadogo, naye kila wiki yumo topeni anawatenga kwa kimo. Akachagua sita waliokua upesi, majike wanne na madume wawili, akawatia kwenye tangi lao. Hao akawaita wazazi.

"Hawa hawaliwi, kaka," aliniambia. "Wakipevuka nitawazalisha mwenyewe. Vifaranga tutawafuata Dar mpaka lini?"

Zaidi ya mwaka alisubiri! Anawashika, anawageuza, anawatazama matumbo, anawarudisha. Siku moja akaniita mbio. Tumbo la jike limejaa, limelainika, na tundu la uzazi limekuwa jekundu. "Kaka, tayari!" Lakini kambale wa kufugwa hujaa mayai na asitage, mpaka achomwe sindano. Bwana samaki akaahidi kuja Jumamosi ya wiki ya pili.

Mimi nilikereka. Mimi ndiye mkubwa, lakini nyumbani ilikuwa Zuhura hivi, Zuhura vile. Mama hata akinipakulia wali ananiambia, "Mwenzio ana akili, baba." Wivu, jamani! Wivu wa mtu mzima kwa mtoto niliyembeba mgongoni.

Kabla ya Jumamosi hiyo, Zuhura akafiwa na mama mkwe wake wa zamani, akapanda boti kwenda Kiongoroni. Kule mtandao ni wa kubahatisha. Ukanifikia ujumbe wake mmoja tu: "Kaka wazazi wale vizuri. Narudi Ijumaa."

Nikausoma mara mbili, nikacheka peke yangu. Nilijua anasema samaki walishwe, si baba na mama. Nilijua! Lakini neno lilikuwa limejileta lenyewe.

Nikamtoa jike wa kwanza. Nilipompasua, mayai ya kijani yakajaa bakuli. Hapo ningekuwa mtu, mkono ungesita. Haukusita! Siku tatu wazee walikula kambale wa nazi, asubuhi na jioni. Baba akawa analamba vidole. Mama peke yake ndiye aliyeuliza, "Hawa si wale wa Zuhura?"

"Kaagiza mwenyewe, mama. Wazazi wale." Nikamwonyesha simu.

Ijumaa Zuhura akafika, hata baibui hajavua, akaenda moja kwa moja kwenye tangi. Maji matupu. Nikatoa simu, nikajitia mjinga. Baba akaangua kicheko mpaka akakohoa, majirani wakaja, nao wakacheka. Zuhura akakaa chini pembeni ya tangi.

"Kosa langu, kaka," akasema. "Ningeandika kambale. Nisamehe, nimekutia aibu mbele za watu."

Akaniomba radhi mimi! Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Yameisha, mdogo wangu."

Hakufuga tena. Wale waliobaki bwawani hakuwa na moyo wa kuwatenga, wakalana mpaka wakabaki wachache wa kutupa. Sasa yuko Salale, anamenya kamba wa watu. Mimi nikikaa barazani naombwa niisimulie ile ya wazazi wale, na kila mara naisimulia, na wanacheka. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye bado ananiita kaka.

Juzi wazee walishikwa na homa. Zuhura akanitumia ujumbe: "Kaka, baba na mama yetu, nasema watu, si samaki, wapelekee dawa." Nyumbani wamecheka hadi machozi. Mimi nimetoka nje.

Enyi wenye wivu na ndugu zenu, ogopeni kisingizio kizuri! Kingekuwa kibaya, watu wangekikataa, nawe ungetubu siku ileile. Na kama una ndugu anayekuandikia maneno matatu tu, akaamini umemwelewa, mshike sana. Wangu siku hizi ananiandikia kila kitu mpaka nukta, kama mgeni.