Mkono wa Bibi na Dirisha la Mama

Harufu ya mafuta ya taa ikinipitia puani, mkono wangu wa kushoto hutafuta mkono wa mtu. Huutafuta popote, hata dukani, hata kama mtu mwenyewe simjui. Nimewahi kumshika hivyo mzee mmoja wa heshima zake aliyekuwa amesimama kwenye foleni mbele yangu, tukabaki tunatazamana kama wachumba waliokutanishwa na mshenga.

Basi leo nikiri. Kwa miaka mingi nimekana kwamba nyumbani kwangu, mimi mwenye shahada mbili na miwani ya kusomea, huwa nagonga mfuniko wa sufuria kwa mwiko bila kumtaarifu mtu, na kwamba mume wangu na watoto huacha sahani zao mezani, hutambaa hadi mlangoni, kisha huenda kusimama kwenye tangi la maji ili tuitane majina. Watoto walipowasimulia wenzao, nilisema wanatunga. Jirani alipotukuta siku moja tumepiga magoti sebuleni, nilimwambia ni mazoezi ya mgongo, tumeshauriwa na daktari. Akaniomba nimfundishe. Nikamfundisha.

Jambo hilo nimelirithi Songea, kwa mama yangu.

Tuliishi Matarawe, katika nyumba ya matofali ya kuchoma iliyoezekwa bati. Baba alikuwa bwana shamba, mtu wa kuja kutoka Upare, na siku nyingi alikuwa Madaba na pikipiki yake ya serikali. Mama alifundisha shule ya msingi. Watoto tulikuwa watatu: kaka yangu Deo, mimi, na Anna aliyekuwa bado anajifunza kuvaa viatu bila kukosea mguu. Nilipokuwa darasa la pili akaongezeka Bibi, mama yake Mama, aliyetoka Lusewa kuja kuishi nasi. Wageni wote wa vijijini niliowahi kuwaona walikuja na sanduku la bati lenye kufuli. Bibi alikuja na fundo la kitenge, basi. Nilidhani ni umaskini.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Sabuni ilikuwa imerudi madukani, mitumba ilimwagwa sokoni kama mahindi ya mavuno, na magodoro ya sponji yalikuwa yanayafukuza yale ya sufi tuliyoyazoea. Baba alinunua redio kaseti yenye spika mbili. Kila aliyepata kitu cha kuibiwa alimwita fundi aje amfungie nondo madirishani, kwa hiyo mtaa mzima ukajitia kizuizini kwa furaha. Nasi fundi akaja. Mama akamwambia nondo za dirisha la chumba chetu cha nyuma azitengeneze zifunguke kama mlango, komeo liwe ndani, na liwe chini, mtoto alifikie.

Fundi akaweka nyundo yake chini. "Mama Deo, dirisha linalofunguka ni mlango wa mwizi."

"Mwizi atachukua redio," Mama akasema. "Moto utachukua Deo."

Deo, aliyekuwa amesimama pale pale anakula muwa, hakupenda kutolewa mfano. Baba akakohoa, akaenda kuitazama pikipiki. Dirisha likatengenezwa, na mtaani likaitwa Karibu Mwizi.

Halikuwa peke yake. Jikoni palikaa ndoo ya mchanga ambayo hatukuruhusiwa kuichezea, kwa sababu mafuta ya taa yakiwaka hayazimwi kwa maji. Ufunguo wa mlango wa mbele ulitundikwa kwenye msumari, kimo cha Anna. Kila kiangazi, watu walipokuwa wanachoma mashamba na majivu yakitua hadi kwenye nguo zilizoanikwa, Mama alitutoa kufyeka nyasi kuzunguka nyumba mpaka udongo ukaonekana mwekundu kama kidonda. Kisha lilikuja zoezi lenyewe.

Liliweza kuja wakati wowote wa mchana, mara nyingi Jumamosi tukiwa tunakula. Kwa! kwa! kwa! mfuniko ukalia. Hapo unaacha tonge. Unashuka chini, kwa kuwa moshi hukaa juu na pumzi hukaa chini, unatambaa hadi nje, unakwenda kusimama kwenye banda la kuku la jirani yetu, Bwana Issa. Hubebi kitu. Ukikumbuka kitu, hurudi. Hiyo ndiyo ilikuwa amri kuu, na Mama aliisema kwa sauti ya chini kuliko zote: "Hakuna kurudi." Siku moja tulikuwa na mgeni, bosi wa Baba, mtu mwenye kitambi na tai. Naye alitambaa. Mama alikuwa mwalimu, na watu wakubwa hawasahau jinsi ya kumwogopa mwalimu.

Kila mmoja alikuwa na mtu wake. Deo alimshika Anna. Mimi nilipewa Bibi.

"Nimezaa, nimelima tumbaku, nimezika mume," Bibi alinung'unika akiwa chini kwa mikono na magoti, kitenge kikimvutika. "Sasa nafundishwa kutambaa!"

"Tambaa, Mama," Mama alimjibu kutoka nyuma. "Unamchelewesha mtoto."

Nilikuwa namwonea Bibi huruma, na nilijiona mtu muhimu sana. Nilimvuta kwa mkono wangu wa kushoto kama mtu anayevuta mbuzi sokoni.

Kwenye banda la kuku Mama aliita majina, kila mtu akaitika "Nipo." Majina yalipokwisha, palikuwa na kimya kidogo, kisha Bibi alisema taratibu, "Na Skola."

Sisi tulikuwa Wakatoliki wa kweli kweli. Bibi alikuwa amelelewa karibu na watawa wa Hanga, na kwa akili yangu Skola alikuwa Mtakatifu Skolastika, anayeitwa kufunga sala kwa kifupi kwa sababu Bibi alimzoea. Kwa hiyo nilijibu kama tulivyofundishwa kanisani: "Utuombee." Mara ya kwanza Mama alinitazama kwa muda mrefu. Sikukatazwa. Tangu siku hiyo Deo na Anna nao wakawa wanajibu, "Utuombee," kisha tunarudi kwenye ugali uliokwisha poa. Bwana Issa, mfanyabiashara wa korosho kutoka Tunduru, alikuwa akitusikiliza kutoka kwenye baraza lake. "Shule, kanisa na jeshi," alisema, "vyote kwenye banda langu la kuku. Mayai yatatoka na kofia."

Moto wenyewe ulikuja mchana mmoja wa likizo, wakati wa upepo. Baba alikuwa Madaba, Mama sokoni. Bibi alikuwa amelala chumba cha nyuma, amevua kitenge kwa ajili ya joto, amebaki na gagulo. Mimi nilikuwa naye, navifuta viatu vyangu vyekundu. Vilikuwa vya mtumba, vina kifungo cha dhahabu pembeni, na sijawahi kupenda kitu kingine kwa kiasi kile, pamoja na watu niliowapenda baadaye. Deo alikuwa koridoni anampashia Bibi uji kwenye jiko la mchina, lile la mafuta ya taa, maana nje upepo ulikuwa unazima kila kitu. Mafuta yalikuwa yamenunuliwa kwenye duka jipya, kwa bei nzuri. Siku hizi wanasema yamechakachuliwa. Wakati ule tulisema tu yamechanganywa na petroli, na tulisema baadaye.

Nilisikia mlio kama wa shuka linalokung'utwa, kisha Deo akipiga kelele, kisha, na hili nitamheshimu nalo hadi kufa, mfuniko wa sufuria. Kwa! kwa! kwa! Alimtoa Anna kwa mlango wa mbele huku bado anagonga. Lakini kati yetu na mlango huo koridoni kulikuwa kunawaka, pazia limeshika, na moshi mweusi unaingia chumbani kwetu kwa juu, polepole, kama mgeni anayetafuta pa kukaa.

Hapa ndipo huwa nasimulia jinsi nilivyomwamsha Bibi, nikamwongoza hadi dirishani. Nimeisimulia hivyo chuoni, nimeisimulia siku ya kutambulishwa kwa wakwe. Watu hunisifu.

Ukweli ni kwamba nilisimama katikati ya chumba, kiatu kimoja mkononi, na sikukumbuka hata jina langu.

Mkono ukaushika mkono wangu wa kushoto. "Chini," Bibi alisema.

Tulitambaa. Hakunung'unika. Sakafu ilikuwa ya baridi na ilinuka nta. Chini ya Karibu Mwizi aliinua mkono bila kutazama, akavuta komeo, nondo zikafunguka. Alinitoa mimi kwanza, kichwa mbele, kama mkate unavyotolewa tanurini. Kisha akapanda mwenyewe. Gagulo likanasa kwenye komeo, likachanika hadi nyongani.

Bwana Issa alikuwa ameshafika mbio. Aligeuza uso pembeni kwa adabu huku amenyoosha mikono. "Shikamoo, bibi. Samahani, bibi."

"Marahaba, mwanangu," Bibi akasema kutoka juu. "Nishike vizuri. Usitazame."

Alimshika vizuri. Hakutazama. Akavua koti lake, akamvika.

Tulipofika kwenye banda la kuku, Deo na Anna walikuwa pale, wanalia wote wawili kwa zamu. Majirani walikuja na ndoo na majembe, wanarusha mchanga, wanaitana. Nami nikaona kwamba mkononi nina kiatu kimoja. Cha pili kilikuwa chini ya kitanda. Dirisha lilikuwa wazi, nililiona, na kwa akili yangu ya miaka tisa kitanda kilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Nikaanza kwenda.

Sikujua kwamba Bibi alikuwa hajaniachia. Alinivuta kwa nguvu iliyonishtua, mpaka kucha zikaniingia.

"Nguo hushonwa," alisema. "Mtu hashonwi."

"Ni kiatu, Bibi, si nguo."

"Hata kiatu."

Nikamvuta. Naye, mwanamke niliyekuwa namburuta kama mbuzi kila Jumamosi, akakaa chini kwenye mavi ya kuku na koti la watu, akaniweka mapajani kama mtoto mchanga, akanifunga kwa mikono yote miwili. Chumba cha nyuma kikaungua chote tukikitazama: vitanda, magodoro ya sponji yaliyotoa moshi wa kutisha, redio, kiatu.

Mama alikuja anakimbia kutoka sokoni, kandambili zimebaki njiani. Hakuitazama nyumba. Alisimama mbele yetu, akaita kwa sauti ya darasani, ila ilikuwa inakatika.

"Deo?"

"Nipo."

"Anna?" Anna akaitikiwa na Deo. Akaita jina langu, nikaitika. Akabaki mmoja.

"Mama?"

"Nipo," Bibi akasema. "Na huyu ninaye."

Kisha, baada ya kimya chake cha siku zote: "Na Skola."

Nilifungua mdomo nijibu, lakini Mama alikuwa amepiga magoti, ameuficha uso wake kwenye koti la Bwana Issa, begani kwa Bibi, na Bibi alikuwa anampapasa kichwa kwa mkono mmoja. Kwa mwingine alikuwa bado amenishika mimi.

Bibi alifariki nikiwa kidato cha tano. Niliyapata yaliyobaki nikiwa mtu mzima, nina mtoto tayari, siku niliyokwenda Songea tukakaa na Mama uani tunachambua maharage. Alinisimulia bila kuinua macho. Kule Lusewa, Mama akiwa msichana mdogo, banda la kukaushia tumbaku lilishika moto, upepo ukaupeleka kwenye nyumba. Bibi aliwatoa nje binti zake wawili, Mama na mdogo wake. Kisha akakumbuka sanduku la bati lenye vitenge vyake, akarudi. Mdogo alimfuata mama yake, kama watoto wanavyofuata mama zao, na katika moshi ule Bibi hakujua kwamba anafuatwa. Alitoka kwa mlango wa nyuma na sanduku.

Mama akapepeta maharage, makapi yakaruka.

"Skola," nikasema.

"Skola."

Halafu, kwa kuwa nimesoma, nikaeleza. Nilisema sasa naelewa kwa nini alinipa Bibi nimlinde, asije akarudi tena ndani.

Mama aliniangalia kama anavyomwangalia mwanafunzi aliyefaulu kwa bahati. "Wewe? Ungemlinda nani, wewe? Nilimpa Bibi wewe." Akachota maharage mengine. "Alikuja hapa hataki hata kumbeba Anna. Anasema mikono yake haifai. Nikasema, tutaona."

Nilirudi nyumbani kwangu, nikaanza kugonga mfuniko wa sufuria.

Binti yangu Neema ndiye aliyepinga zaidi. Kuanzia kidato cha kwanza alitambaa akiwa amefumba macho kwa aibu. Alipokuwa anakwenda chuo Mbeya, kupanga nyumba na wenzake, alinikumbatia kituoni na kusema, "Mama, nakupenda, lakini kule sitambai. Nikifa, nitakufa nimesimama." Nilicheka, kisha sikulala vizuri muhula mzima. Nilijiuliza kama nimempa urithi au nimempa tu woga wa watu waliokufa kabla hajazaliwa. Mume wangu, mtu wa haki, alisema huenda ni vyote.

Mwezi uliopita, mchana, simu ikaita. Ni Neema. Nyuma yake nilisikia watu, ndoo, na mtu anayeomba mchanga.

"Mama, usishtuke. Mtungi wa gesi. Jikoni. Tumetoka."

Nilikuwa nimesimama tayari. "Mko wapi?"

"Kwenye kibanda cha fundi viatu, ng'ambo ya barabara. Tulishakubaliana mapema, ingawa nilipowaambia walinicheka." Akakohoa. "Kompyuta yangu iko ndani, Mama. Kazi yangu yote ya mwaka iko ndani. Naona mlango kutoka hapa."

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeng'ang'ania pembe ya meza.

"Sirudi," akasema. "Nimemshika Rehema, naye anataka kurudi, namkalia."

"Mmeitana majina?"

"Tumeitana. Wote tupo."

Nilitaka kukata simu nilie vizuri. Lakini nilinyamaza kidogo, kimya cha Bibi, kisha nikasema taratibu, "Na Skola."

Katika kelele zile za Mbeya, mwanangu hakusita.

"Utuombee."