Kichwa Hakiachwi Nusu

Mama Hélène wa Lubumbashi alisuka nywele kando ya barabara pale Hillbrow, mtaa wa jiji kubwa kusini mwa Afrika, miaka tisa, na miaka yote hiyo hakubishana na serikali hata siku moja. Karatasi yake ya ukimbizi aliikunja mara nne akaificha kifuani. Mwenye karatasi ya namna hiyo hatafuti makuu.

Basi mwaka 2017 jiji likapitisha amri: wasusi wote watoke barabarani. Watoke waende wapi? Hilo halikuandikwa! Umoja wa wachuuzi, pamoja na madiwani wa upinzani, wakaitisha maandamano. Tabia wa Tanga, msusi jirani yake, akamwita.

"Nenda wewe, dada," Mama Hélène akamjibu. "Mimi nina watoto watatu na kiti kimoja."

Asubuhi ya maandamano alikuwa akimsuka Nomvula, nesi, upande mmoja tayari, mwingine timutimu. Askari wa jiji wakatokea, wakamwinua Nomvula, wakabeba kiti. Wakabeba na vya wenzake, mtaa mzima.

"Eish! Mimi niingie wodini hivi?" Nomvula akafoka.

Na kwa wasusi wale kuna desturi: mkono ulioanza kichwa ndio unaomaliza. Mama Hélène akatazama mtaani, akaona vichwa nusu nusu vimepanga foleni ukutani. Hofu ya miaka tisa ikamtoka, hasira ikaingia.

"Kichwa hakiachwi nusu," akasema. "Twendeni tukamalizie kwa wakubwa."

Wakaenda, wasusi na wateja wao, vitana mkononi, wakajiunga na waandamanaji. Wakaketi kwenye ngazi za baraza la jiji, wakasuka. Diwani mmoja wa chama tawala akatoka, akawatazama kwa dharau.

"Hawa wageni. Hata kura hawapigi."

Mama Hélène akasimama, kitana mkononi.

"Kweli, baba, mimi sipigi. Lakini vichwa hivi vyote vinapiga!"

Nomvula akainuka na nusu kichwa chake. Wakainuka wote, vigelegele hadi barabarani. Diwani akarudi ndani mbio, na huko kikaoni madiwani wa upinzani wakambana bila huruma. Saa kumi jioni amri ikafutwa: wasusi watapewa vibali, wabaki palepale.

Watu wakacheza. Mama Hélène akalia waziwazi, huku akimalizia mistari mitatu ya mwisho ya Nomvula.

Jumatatu askari mmoja wa wale waliobeba viti akaja na kiti cha Mama Hélène kichwani.

"Niweke wapi, mama?"

"Hapo. Hapana, sogeza kidogo. Jua litanipiga."

Akasogeza.